Udongo Mweusi wa Mbalibali

Kila asubuhi, jua lilipoanza kupanda juu ya nyika, Waisiko alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe. Alikamua akiwa amechuchumaa, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe na kibuyu kimebanwa katikati ya magoti. Maziwa mengine aliwapa watoto. Mengine aliyaweka katika kibuyu kilichofukizwa moshi ili yagande, kwa kuwa Mwikwabe, mumewe, hakuona utamu wa ugali wa ulezi bila maziwa ya mgando. Kisha alifagia ua, akateka maji, akachukua jembe.

Nyumba yao ilikuwa mpya, na nyasi za paa zilikuwa bado hazijapigwa na mvua nyingi. Mwikwabe alikuwa mwana wa tatu wa mzee Waitara wa Muriba, katika milima ya Tarime. Ardhi ya kule ni nzuri mno. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Migomba husimama bega kwa bega, na kahawa hustawi kando yake. Lakini watu walikuwa wameongezeka, na shamba la mzee Waitara lilikuwa limegawanywa mara nyingi. Mwana wa tatu alibakiwa na kipande ambacho ng'ombe wa plau wasingeweza hata kugeukia. Kwa hiyo serikali ilipowahimiza watu waanzishe vijiji vya ujamaa, Mwikwabe alisema atateremka Serengeti. Alichukua mke, watoto na ng'ombe, akavuka mto Mara, akafika katika kijiji kipya upande wa Mbalibali.

Mzee Waitara aliwaruhusu kwa shingo upande.

"Ng'ombe unaokwenda nao ni wangu," alimwambia mwanawe siku ya kuagana. "Nawapa mavuno mawili. Baada ya mavuno ya pili nitakuja kuangalia kihenge chenu cha nafaka. Nikikikuta kitupu, ng'ombe watarudi Muriba, na ninyi mtakuja nyuma yao."

Mwikwabe alicheka. Nani alipata kusikia Mkurya wa mlimani akishindwa kujaza kihenge?

Walipofika, mwenyekiti wa kijiji aliwapeleka kuchagua shamba. Sehemu mbili zilikuwa bado hazina mtu. Ya kwanza ilikuwa juu ya mteremko, na udongo wake ulikuwa wa kijivu chekundu, wenye mchanga. Ya pili ilikuwa chini, kwenye tambarare, na udongo wake ulikuwa mweusi kama chungu cha zamani. Mwikwabe alipiga goti, akachota udongo ule mweusi kwa viganja viwili, akaunusa.

"Mama Nchagwa, njoo uone," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Hata baba hana udongo kama huu."

Waisiko naye alifurahi. Kwao mlimani, udongo mweusi ni ule wa nyuma ya nyumba, mahali samadi na majani ya migomba yanapoozea. Ndio udongo usiomnyima mtu chakula. Hapa ulikuwa umetandazwa mpaka macho yalipokoma, na hakuna mtu aliyeutaka. Hawakujiuliza kwa nini hakuna aliyeutaka. Walimshukuru Mungu, wakaanza kulima.

Mvua za masika zilipokuja, tope lilishika jembe kama uji wa ulezi unavyoshika mwiko. Ulezi uliota, nao ulipendeza. Kisha maji yakasimama shambani. Yalisimama leo, yakasimama kesho, vyura wakaanza kuimba katikati ya mimea. Majani ya ulezi yakawa ya manjano. Mvua ilipokatika, ardhi ile ile iliyokuwa ziwa ikakauka, ikapasuka nyufa pana, na mizizi ikakatika ndani ya nyufa hizo. Mavuno yote ya mwaka ule yaliingia katika kapu moja, na kihenge kikakaa wazi, kuku wakitagia ndani. Mwikwabe alilazimika kubadilisha fahali kwa magunia ya mahindi huko Mugumu.

"Kuna mtu amepita shambani kwetu kwa jicho baya," alisema Mwikwabe.

"Au mbegu ilichoka njiani," alisema Waisiko.

"Mbegu ya mlimani haichoki. Mwaka huu tutalima hapo hapo, na tutalima mapema zaidi."

Waisiko alikwenda kukagua mbegu. Ilibaki mbegu ya ulezi katika kibuyu kimoja tu, ambayo mama yake alimfungia siku alipoondoka Muriba. Mbegu hiyo ikipotea, hakuna nyingine. Na mavuno yanayokuja ndiyo mavuno ya pili.

Alasiri, baada ya kazi, wanawake wa kijiji walikwenda kusoma. Miaka ile nchi nzima ilikuwa ikisoma, wazee kwa vijana, na darasa lao lilikuwa katika ghala la pamba ambalo halikuwa na pamba kwa msimu huo. Walikaa juu ya magunia. Mwalimu wao alikuwa Rukaya, binti wa fundi cherehani wa Mugumu. Alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wake wote, kwa hiyo kila somo lilianza kwa yeye kuwaamkia wanafunzi shikamoo, na wanafunzi kumwitikia marahaba, kisha ndipo alipogeuka kuwa mwalimu.

Siku moja Rukaya alichora ubaoni umbo la Mkoa wa Mara. Upande wa kushoto alichora ziwa. Juu alichora milima. Katikati alipitisha mto Mara, ukitoka mashariki ukienda kumwaga maji ziwani. Chini, upande wa kulia, alichora vichwa vya nyumbu.

"Hao ni mbuzi?" aliuliza mama mmoja.

"Ni nyumbu, mama."

"Mwalimu, pembe zao umezigeuza."

Watu walicheka, na Rukaya akafuta pembe akachora upya. Kisha akasema, "Leo sitafundisha mimi. Kila mmoja ataje alikotoka na watu wa kwao wanaishije. Mimi nitaandika, nanyi mtasoma majina ya kwenu ubaoni."

Wa kwanza kusimama alikuwa Jerioth, mwanamke mrefu aliyeolewa na fundi mwashi wa kijiji. Alitoka pwani ya ziwa, upande wa Shirati.

"Kwetu ziwa ni shamba," alisema Jerioth. "Wanaume wanatega sato na kamongo, na wanawake wanaanika dagaa juu ya mawe mpaka pwani yote inang'aa kama bati jipya. Samaki wetu wanapanda mpaka milimani. Wanarudi wakiwa ndizi."

"Wanarudi wakiwa ndizi kwa muujiza gani?" aliuliza yule mama wa pembe.

"Kwa muujiza wa mnada, mama. Mvuvi anapeleka dagaa, mtu wa mlimani analeta ndizi, wanapunjana kidogo, kila mtu anakwenda kwake akijiona mshindi."

Akafuata Agustina, ambaye wote walimwita Mama Simioni. Yeye hakuhama kutoka popote. Alikuwa Mnata, mwenyeji wa nchi ile, na mashamba ya wazazi wake yalikuwa mwendo mfupi kutoka hapo.

"Sisi tunakaa mlangoni kwa wanyama," alisema. "Nyumbu wakipita, vumbi lao unaliona kabla ya kuwasikia. Tunalima mtama na ulezi, tunafuga, tunarina asali. Baba yangu alikuwa akitazama mti na kukuambia ardhi iliyo chini yake inataka nini. Hapa siku hizi tunalima na pamba, ile inayofumwa kuwa nguo zenu huko Musoma na Mwanza."

Rukaya aliandika kwa furaha. Chaki ilipokwisha mkononi alichukua nyingine. Wanawake walitazama ubao, wakaona mkoa wao ulivyo na vitu: samaki upande huu, kahawa na ndizi upande ule, pamba, mtama, ng'ombe, asali, na mto mmoja unaoshona vyote pamoja. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuuona mkoa mzima kwa pamoja. Waliutazama kama mtu anavyotazama picha ya ndugu zake.

Zamu ya Waisiko ilipofika, alisimama, akafunga kanga vizuri.

"Mimi natoka mlimani, Muriba. Kwetu kuna baridi asubuhi hata mwezi wa pili. Tunakunywa maji ya chemchemi, tunapika ndizi, tunauza kahawa, na jioni wazee wanapiga litungu, zeze la kwetu. Tunajua kulima." Hapo sauti ilimshuka. "Nasema tunajua kulima, lakini mwaka jana nilipanda ulezi kwenye udongo mweusi kuliko wowote niliouona maishani, na sikupata hata wa kumkaribisha mgeni. Mwaka huu nikikosa tena, baba mkwe atatuondoa hapa. Sijui nimekosea nini."

Agustina alimgeukia.

"Mama Nchagwa, ule ulezi mliupanda kule chini mbugani, kwenye udongo mweusi, kwa makusudi?"

"Kwa makusudi yapi tena? Tuliupanda uote."

"Lo," alisema Agustina, akajishika shavu. "Na sisi tulikaa tukasema, watu wa mlimani ni wakulima hodari, wana siri yao. Mume wangu alisema pengine mmekuja na ulezi unaojua kuogelea."

Kicheko kilipasuka, na Waisiko naye akacheka ingawa macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mbona hukuniambia, Mama Simioni?"

"Nitakuambiaje? Nilikuona alfajiri hadi jioni na jembe, umenyooka kama mtu anayejua. Mgeni akiwa hajauliza, ukimfundisha atasema unamdharau. Sasa umeuliza. Kesho njoo na jembe na debe la maji."

Kesho yake Waisiko alifika akiwa na mtoto mgongoni na debe kichwani. Agustina alimpeleka kwanza mbugani. Alimwonyesha migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ulipopita katika matundu yale, miti ililia kama filimbi.

"Hii miti ndiyo ishara ya kwanza," alisema Agustina. "Ukiiona mifupi namna hii, yenye vinundu, na hakuna mti mwingine unaokaa nayo, jua kwamba chini kuna udongo mfinyanzi. Mti mkubwa haupendi kusimama kwenye maji masika na kukatwa mizizi kiangazi. Ulezi nao haupendi."

Alichota udongo, akautia maji kidogo, akamwambia Waisiko ausokote katikati ya viganja. Udongo ulisokoteka ukawa mrefu kama mkia wa panya, bila kukatika.

"Huo unafaa kufinyanga chungu," alisema Waisiko.

"Umesema mwenyewe. Sasa chimba shimo, kina cha mkono mpaka kiwiko."

Waisiko alichimba, nao wakamimina maji. Maji yakatulia humo, yakawatazama. Wakaliacha shimo hilo na kupanda mteremkoni, kwenye ile ardhi ya kijivu chekundu ambayo Mwikwabe aliikataa. Huko kulikuwa na miti ya mlama yenye majani mapana, na nyasi ndefu zilizochanganyika. Udongo wa huko ulipotiwa maji ulisokoteka kidogo tu, kisha ukavunjika. Walichimba shimo la pili na kumimina maji. Walikaa, wakala viazi alivyobeba Agustina, wakasemana na kuwasema waume zao. Hawajamaliza viazi, maji yalikuwa yameingia ardhini yote. Waliporudi mbugani, yale ya shimo la kwanza yalikuwa bado yapo, na nyuki alikuwa amekuja kunywa.

Waisiko aliinama juu ya shimo lile.

"Kwetu weusi wa udongo unatokana na samadi na majani yaliyooza," alisema mwishowe. "Nilidhani weusi wote una mama mmoja."

"Kila nchi na weusi wake," alisema Agustina. "Lakini nikuambie ukweli, hata mteremko una kasoro. Udongo wake ni mwembamba. Unakunywa maji vizuri lakini unachoka upesi, na mvua kubwa inauteremsha. Sisi tunalima miaka michache tunauhama. Kwa kuwa sasa tumekaa kijijini, sijui tutahamia wapi."

"Uchovu wa udongo si tatizo," alisema Waisiko, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kama mwenyeji. "Hilo kwetu tunalijua. Mlimani tungelala njaa zamani kama tusingejua kulisha udongo. Na mteremko tunaupangia mawe na majani kwa kuukatiza, maji yasikimbie."

"Basi wewe utanifundisha hilo, na mimi nimekufundisha hili."

Ilibaki kazi ngumu zaidi. Ilibaki Mwikwabe.

Alimsikiliza mkewe huku akichonga mpini. Hakuinua macho.

"Yaani nimetoka Muriba, nimevuka mto Mara, nije kulima mchanga kama sungura?"

"Sungura ameshiba, Baba Nchagwa. Sisi ndio tuna njaa."

"Hao Wanata ndio waliokudanganya. Wanautaka udongo wetu."

"Wamekaa hapa tangu babu zao. Kama wangeutaka, wangetungoja sisi tuje kuuchukua?"

Mwikwabe alichonga kwa nguvu zaidi. Waisiko hakubishana tena. Alisema, "Kuna shimo mbugani na shimo mteremkoni. Mimi siongezi neno. Beba maji uende peke yako."

Mwikwabe alisema hawezi kubeba maji, kubeba maji ni kazi ya wanawake. Lakini alasiri alionekana akishuka mbugani akiwa na debe begani, akitazama pembeni watu wasimwone. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo na mtu asiyeweza kumbishia.

"Mbegu ni ya mama yako," alisema. "Ipande unapotaka. Lakini sikiliza. Baba akija akakuta nimeacha udongo mweusi nikapanda mchangani, atapandwa na hasira kabla hajafika kwenye kihenge. Siku hiyo mimi sina la kumwambia. Utamweleza wewe."

Alisema hivyo akijua anasema nini. Kwa desturi yao, mke hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana. Hakai naye, hamtazami usoni, hata kivuli chake anakikwepa. Ni heshima kubwa, na Waisiko aliishika tangu siku ya kuolewa. Alikuwa hajawahi kumwambia mzee Waitara neno hata moja.

"Nitamweleza," alisema Waisiko.

Mwikwabe alimtazama. Hakutarajia jibu hilo. Labda ndiyo sababu kesho yake, bila kuambiwa, aling'oa zizi la ng'ombe na kulihamishia juu ya mteremko. Kila baada ya siku kadhaa alilisogeza tena, mpaka shamba lote likalaliwa na ng'ombe na kupata samadi. Waisiko na wanawake wa darasa walipanga mawe kukingama mteremko, wakapanda nyasi juu ya mawe hayo. Agustina alipeleka mawe kama hayo shambani kwake. Ule udongo mweusi haukuachwa ulale bure. Jerioth alisema kwao, chini karibu na ziwa, mbuga kama hiyo hupandwa mpunga, kwa kuwa mpunga hupenda yale ambayo ulezi huyachukia. Darasa zima likajenga majaruba ya kushika maji, likapanda shamba la pamoja. Rukaya naye alivua viatu akaingia matopeni, na wanafunzi wake wakamfundisha kushika jembe.

Waisiko alipanda mbegu yote ya mama yake. Hakuacha hata punje ya akiba. Mvua ya kwanza iliponyesha alisimama mlangoni akitazama mteremko. Maji yalikuja yakikimbia, yakafika kwenye mawe, yakapunguza mwendo, yakazama. Ulezi uliota. Safari hii haukugeuka manjano. Ulikuwa wa kijani kibichi, ukanenepa, ukatoa masuke yaliyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Watoto walifukuza ndege toka asubuhi hadi jioni. Walipovuna, Mwikwabe alikijaza kihenge, kisha akaanza kusuka kingine.

Mzee Waitara alifika baada ya mavuno, kama alivyosema. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani akiwa na fimbo na koti zito la mlimani, ingawa jua lilikuwa kali. Njia ilimpitisha kando ya mbuga. Aliona udongo mweusi, na juu yake akaona maji na majani asiyoyajua, na hakuona ulezi. Alipofika nyumbani hakukubali kuingia. Alikaa juu ya kigogo kando ya zizi, akawapa watu mgongo.

"Shikamoo baba," alisema Mwikwabe.

"Marahaba. Kile kilicho kwenye udongo mweusi ni nini?"

"Ni mpunga wa kijiji, baba."

"Na ulezi wenu?"

Mwikwabe alitazama nyumbani. Waisiko alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, kanga imeteremshwa usoni. Alikuwa akitwanga pamoja na Agustina. Aliusikia ukimya wa mumewe. Akasimamisha mchi.

"Mama Simioni," alisema kwa sauti iliyovuka ukuta, "kuna watu wanaodhani ulezi hupandwa kwenye udongo mweusi tu."

Agustina alimtazama kwa mshangao. Kisha akaelewa, akatabasamu. "Wako watu wa namna hiyo, Mama Nchagwa."

Mzee Waitara hakugeuka. Aliunyosha mkono akamgusa ng'ombe aliyekuwa karibu. "Wewe ng'ombe," alisema, "tangu uzaliwe umeona wapi mtu akiacha udongo wa shibe?"

"Mama Simioni, mwambie huyo ng'ombe kwamba weusi wa Muriba ni wa samadi, na weusi wa huku ni wa mfinyanzi. Tulipanda huko mwaka wa kwanza. Maji yalisimama, na ulezi ukafa umesimama vile vile."

"Ng'ombe, umesikia," alisema Agustina. "Jamani, leo nimekuwa ukuta."

"Ng'ombe huyu amezeeka," alisema mzee. "Hadanganyiki kwa maneno. Anataka kuona."

"Basi apelekwe kwenye mashimo, amimine maji mwenyewe. Halafu apandishwe mteremkoni atazame mahali alipolazwa mwaka huu, na kilichoota juu ya samadi yake. Na akitoka huko, apite kwenye kihenge."

Mwikwabe alikuwa akitazama chini, akizuia kicheko kwa meno. Mzee alisimama, akachukua debe, akashuka na mwanawe mbugani. Watoto waliwafuata kwa mbali. Alimimina maji katika shimo la kwanza, lililobaki kando ya majaruba, akangoja. Akamimina katika shimo la pili, akangoja. Alipapasa mawe yaliyokingama mteremko, akayatambua, kwa kuwa ni ufundi wa mlimani. Aling'oa bua la ulezi lililobaki, akalitazama mizizi. Mizizi ilikuwa mingi na mizima.

Mwisho aliingiza mkono katika kihenge. Mkono ulizama mpaka kwapani.

Jioni hiyo alikula ugali wa ulezi na maziwa ya mgando, akaomba kuongezewa. Alipokwisha kunawa alimwambia Mwikwabe, "Ng'ombe watabaki. Na mdogo wako Mahende ataoa mwakani. Muriba hakuna tena pa kumweka. Nitamleta hapa."

"Nitamtafutia shamba, baba."

"Wewe?" alisema mzee. "Wewe ndiye uliyechagua lile la kwanza. Achaguliwe na mama wa mji huu."

Waisiko aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alikwangua chungu polepole.

Asubuhi walimsindikiza mgeni. Mzee alitangulia na fimbo yake, Mwikwabe akafuata, na nyuma kabisa, umbali wa heshima, walikuja Waisiko na Agustina. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya mpunga. Mbali, upande wa mashariki, vumbi la nyumbu lilikuwa limeanza kuinuka. Walipofika mahali ambapo mteremko unakutana na tambarare, kwenye ardhi isiyo na mtu bado, mzee Waitara alisimama. Alichota udongo, akausokota katikati ya viganja kama mwanawe alivyomwonyesha jana. Ulisokoteka nusu, ukavunjika nusu.

Alitazama mbele, kule milima ilikokuwa.

"Na hapa panafaa nini?" aliuliza.

Agustina alifungua mdomo ili apokee swali na kulipeleka, lakini Waisiko alikuwa amekwisha kujibu.

"Mtama, baba."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Alipangusa viganja vyake, akachoma fimbo ardhini mahali hapo kuwa alama ya shamba la Mahende, akaendelea na safari bila fimbo.